Kubuni mashine ya nguvu za mtu: hatua kwa hatua, kwa mfano wa mashine ya pedali ya kupukuchua mahindi

Mtazame mnoa visu anayezunguka mitaani na baiskeli. Akipata mteja anaisimamisha juu ya stendi pana hadi tairi la nyuma linaning'inia, anahamishia mkanda kwenye jiwe lililofungwa mbele, anapanda, anakanyaga, na kisu kinaanza kutoa cheche. Kazi ikiisha anarudisha mkanda na kuondoka na baiskeli ileile iliyomleta. Mimi naihesabu hiyo kuwa moja ya mashine zilizobuniwa vizuri kuliko zote mjini. Kazi yake ni ya dakika chache, nguvu inayotakiwa ni ndogo, miguu inazungusha wakati mikono iko huru kushika kisu, na siku isiyo na mteja mashine haidai mafuta wala bili.

Sasa zikumbuke zile mashine za pedali tunazoziona kwenye maonyesho ya Nane Nane na kwenye miradi ya vyuo. Zimepakwa rangi, zinapigwa picha, na msimu mmoja baadaye ziko nyuma ya ghala. Nyingi zimechomelewa vizuri kabisa. Kilichokosekana ni hesabu ya wati kabla ya kukata chuma, na mtu wa kuuliza miguu ya nani itafanya kazi hiyo, kwa saa ngapi, na nani atafaidika.

Mwongozo huu ni wa fundi mwenye karakana, mwanafunzi wa ufundi, au kikundi cha wakulima kinachotaka kujitengenezea kitu. Mfano nitakaoutumia ni mashine ya kupukuchua mahindi, kwa kuwa kazi yenyewe tunaijua. Watu wengi bado wanapukuchua kwa mkono hadi dole gumba linachubuka, au wanajaza mahindi kwenye gunia na kulipiga kwa fimbo. Fimbo ina kasi, lakini inapasua punje, na punje iliyopasuka ni rahisi kuingiwa na fukusi, dumuzi na ukungu unaoleta sumukuvu. Hapo mashine nzuri inaokoa mikono na inaokoa chakula pia.

Hatua ya 1: Ujue mwili unatoa nini

Mtu mzima wa kawaida, mwenye afya, asiye mwanariadha, anaweza kukanyaga pedali na kutoa wati 75 hivi kwa saa moja au zaidi bila kuumia. Mwendesha baiskeli wa mashindano anapita mara tatu ya hapo, lakini humbunii yeye. Mkono ukizungusha mpini hautoi hata nusu ya miguu. Panga wati 25 hadi 30 na usizidishe. Kwa sekunde chache mtu yeyote anaweza kutoa mamia ya wati, na hapo ndipo wabunifu wengi wanapodanganyika.

Jaribu mwenyewe. Mtu wa kilo 60 akipanda ngazi yenye kimo cha mita 3 kwa sekunde 10 ametoa kazi ya 60 × 9.8 × 3, yaani joule 1,764. Gawanya kwa 10, unapata wati 176. Inapendeza. Kisha mwambie aendelee kupanda kwa mwendo huohuo nusu saa nzima, uone kama atakusalimia tena. Mashine inayojaribiwa dakika mbili na kijana wa karakana inapimwa kwa nguvu za ngazi, wakati itakayoishi nayo ni nguvu za saa nzima.

Hesabu nyingine inayofaa kubandikwa ukutani: nguvu hii inalipiwa kwa chakula. Misuli inageuza karibu robo tu ya nishati ya chakula kuwa kazi, inayobaki ni joto na jasho. Saa moja ya wati 75 inadai kilokalori 260 hivi juu ya zile za kuishi tu, sawa na gramu 70 hivi za unga wa mahindi. Kwa familia yenye akiba ni kitu kidogo. Kwa familia inayohesabu debe kuelekea msimu wa njaa, ni gharama, na mbunifu hana haki ya kuiandika sifuri.

Hatua ya 2: Uliza kama kazi yenyewe inastahili miguu

Hii ndiyo hatua ninayoomba uipe muda mrefu kuliko zote, maana ukikosea hapa hakuna beringi itakayokuokoa.

Anza na umeme. Kila mwaka mtu anakuja na wazo la baiskeli ya kuwasha nyumba. Miguu inatoa wati 75. Ukipitisha kwenye mkanda, jenereta, chaja na betri, kinachobaki ni kama wati 45. Kwa hiyo saa nzima ya jasho inakupa saa-wati 45. Paneli ndogo ya sola ya wati 50, ikipata saa tano za jua kali, inaleta saa-wati 180 au 200 bila mtu kuondoka kivulini. Yaani mtu angekanyaga zaidi ya saa nne kila siku ili afikie kipande cha kioo kilicholala juu ya bati. Pedali za umeme zina nafasi yake pale jua halipo, kifaa kinakula kidogo sana, au tayari unasafiri: dainamo ya baiskeli ya wati 3 inamfaa anayeendesha usiku. Kwa taa za nyumba na televisheni, mshauri mteja anunue sola, hata kama umekosa kazi.

Kuna mifano miwili mikubwa ya kujifunzia.

Wa kwanza ni PlayPump, bembea ya kuzunguka iliyounganishwa na pampu ya kisima, ili watoto wakicheza maji yapande tangini. Wazo lilitoka Afrika Kusini na likapendwa sana. Mwaka 2006 serikali ya Marekani na wafadhili binafsi walitangaza dola milioni 16.4, na lengo lilikuwa pampu 4,000 barani Afrika kufikia 2010. Pampu moja ilielezwa kuwa inatoa lita 1,400 kwa saa kutoka mita 40 na kwamba ingehudumia watu 2,500. Piga hesabu. Watu 2,500 kwa lita 15 kila mmoja ni lita 37,500 kwa siku. Gawanya kwa 1,400: karibu saa 27 za kucheza, ndani ya siku yenye saa 24. Na ukitazama nguvu yenyewe, kuinua lita 1,400 mita 40 juu kwa saa moja kunadai wati 150 za maji peke yake, kabla ya msuguano wowote. Watoto wanazungusha bembea, wanaruka, inaserereka yenyewe. Hiyo ndiyo raha yake. Pampu inakula mserereko wote, kwa hiyo raha inaisha na kazi inabaki. Nchini Msumbiji wanawake watu wazima walijikuta wakilizungusha dude hilo kwa kuinama, mbele za watu, ili wapate ndoo. Mwaka 2010 shirika lililokuwa likizisambaza lilikabidhi pampu zilizobaki na kufunga shughuli. Hesabu niliyokuonyesha inatosha nyuma ya bahasha. Ingefanywa mapema, fedha zile zingenunua pampu nyingi za mkono za kawaida.

Wa pili ni GravityLight, taa iliyobuniwa London na Martin Riddiford na Jim Reeves na kutangazwa mwaka 2012, kisha ikapelekwa Kenya. Unainua mfuko wa mawe au mchanga wa kilo 12 hadi mita 1.8, unauacha ushuke polepole, na kushuka kwake kunazungusha jenereta ndogo. Kilo 12 × 9.8 × 1.8 ni joule 212. Zigawe kwa dakika 20, unapata chini ya robo ya wati. Ni kidogo, lakini balbu nzuri ya LED inaridhika na kidogo hicho na kumulika kama kibatari au zaidi, pasipo moshi. Hawa walichagua kazi inayolingana na mkono wa mtu: sekunde chache za kuinua, dakika ishirini za mwanga. Ninawaheshimu kwa hilo, ingawa leo taa ya sola ya bei rahisi inatoa mwanga mwingi zaidi na ndiyo watu wanayoinunua.

Kutokana na hayo, kazi inayostahili miguu ina sura hii. Inataka mzunguko au mkandamizo wa moja kwa moja bila kupitia umeme. Inakuja kwa msimu au kwa vipindi vifupi, hivyo injini ingekaa bure muda mwingi. Wati zake haziendi mbali na 75. Na inafanyika mahali ambapo mafuta na nyaya ni shida. Kupukuchua mahindi ya familia moja kunapita mtihani huo. Kusaga unga hakupiti: kinu kinakula nguvu nyingi mno, na mashine ya kusaga ya mtaani itakushinda kila siku.

Ukichagua maji, tumia kanuni hii: lita kwa sekunde = wati ÷ (9.8 × kimo kwa mita). Wati 75, ukipoteza nusu njiani, zinabaki 37. Kwa kimo cha mita 6 ni lita 0.63 kwa sekunde, kama lita 2,300 kwa saa. Hiyo ni bustani nzuri ya mboga. Na usisahau kwamba pampu ya kuvuta inategemea mgandamizo wa hewa: pwani panga mita 7 za kuvuta, lakini Nairobi au Mbeya, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na pampu ileile haitapita 6.

Hatua ya 3: Kaa na watakaoitumia

Nenda na daftari, bila mchoro. Mchoro ukitangulia, watu wenye adabu watausifu tu.

Uliza nani anapukuchua sasa. Mara nyingi utajibiwa "akina mama na watoto," halafu utamkuta baba ndiye anayezungumza juu ya kununua mashine. Uliza tena ukiwa na akina mama peke yao. Je, wataketi kwenye kiti cha baiskeli cha mwanaume chenye bomba la juu? Wengi wanavaa kanga, kitenge au dera. Nguo hizo zinahitaji fremu ya kupitisha mguu chini na mnyororo uliofunikwa pande zote. Je, wanapukuchua uani, kibarazani, au shambani? Gunia ngapi kwa msimu? Anayekanyaga ndiye atakayeshika pesa za kupukuchulia majirani, au atakuwa kibarua asiyelipwa kwenye mashine ya mtu mwingine? Swali hili la mwisho haliandikwi kwenye michoro ya kiufundi, nami naona linaamua hatima ya mashine kuliko unene wa chuma.

Pampu za kukanyaga za MoneyMaker zinafundisha hapa. Shirika la ApproTEC, lililoanzishwa Kenya mwaka 1991 na Martin Fisher na Nick Moon na ambalo sasa linaitwa KickStart, lilizitengeneza ziwe za kubebeka. Mkulima anaiacha nyumbani usiku na kwenda nayo kisimani asubuhi, kwa sababu pampu inayolala shambani haiamki hapo. Super MoneyMaker inavuta maji kutoka mita 7. Anayeitumia anasimama juu yake na kuhamisha uzito wa mwili mguu hadi mguu, hivyo anainua maji kwa uzito alio nao tayari.

Hatua ya 4: Pima kazi kabla ya kubuni

Nunua au azima kichwa cha kupukuchulia cha mkono, kile cha chuma chenye sahani ya meno na springi, kinachozungushwa kwa mpini. Kifunge imara kwenye benchi. Ondoa mpini, weka rimu ya baiskeli ya inchi 28 kwenye shafti yake. Zungushia kamba rimu hiyo mara kadhaa, ncha moja ukiifunga kwenye rimu, nyingine kwenye mizani ya ndoano, ile wanayopimia nyama au samaki.

Mwenzako alishe mahindi, hindi moja baada ya jingine, wewe uvute mizani ukirudi nyuma polepole. Soma kilo. Mwendo wa polepole hauharibu kipimo kwa kazi ya kusugua kama hii. Rudia na mahindi membamba, manene, na yasiyokauka vizuri, uandike kila mara.

Tuseme mizani inacheza kwenye kilo 2. Kanuni ni hii:

wati = kilo × 9.8 × nusu kipenyo cha rimu kwa mita × mizunguko kwa dakika ÷ 9.55

Nusu kipenyo tuchukue 0.3. Ukitaka shafti izunguke mara 120 kwa dakika, 2 × 9.8 × 0.3 × 120 ÷ 9.55 ni wati 74. Ongeza hasara ya mnyororo na beringi, unafika 80. Tayari umempita mtu wetu wa wati 75. Una njia mbili: kubuni chini yake au kujidai hukuona. Shusha mizunguko hadi 100 na mzigo unakuwa wati 62 kwenye shafti, 68 hivi kwenye pedali. Anayekanyaga atapukuchua taratibu kidogo, lakini atamaliza gunia.

Hatua ya 5: Chagua meno

Watu wengi hukanyaga kwa raha kati ya mizunguko 50 na 70 kwa dakika. Chukua 60. Ukitaka shafti izunguke 100, uwiano ni 100 ÷ 60, kama 1.7.

Hapa ndipo mashine nyingi za kijijini zinapokuwa nzito bila mwenyewe kujua sababu. Fundi anachukua baiskeli ya kawaida yenye meno 48 mbele na 18 nyuma na kuunganisha ilivyo. Uwiano wake ni 2.67. Mtu akikanyaga 60, shafti inakwenda 160, na mzigo ule wa mizani unageuka karibu wati 100. Baada ya robo saa anashuka akisema mashine ni mbovu, na yuko sahihi.

Dawa iko kwenye mtumba. Baiskeli za gia zina friwili, yaani rundo la gia za gurudumu la nyuma, ambayo gia yake kubwa mara nyingi ina meno 28. Mbele 48, nyuma 28: uwiano 1.71, shafti inazunguka 103. Wati 68 zikikanyagwa kwa mizunguko 60 na krenki (mkono wa pedali) ya milimita 170 zinadai wastani wa kilo 6 na nusu tu mguuni. Bibi mwenye magoti mazima anazimudu. Na kwa kuwa friwili ina gia kadhaa, acha nafasi ya kusogeza mnyororo ili kijana mwenye nguvu achague gia yenye meno machache.

Hatua ya 6: Weka gurudumu zito

Mguu hausukumi sawasawa. Una nguvu pedali ikiwa mbele, na hauna kitu ikiwa juu kabisa au chini kabisa. Hindi nalo likiingia linashika ghafla. Vikikutana hivyo viwili, mashine inakwama na goti linapata mshtuko.

Nenda kwa fundi cherehani umwangalie akianza kushona. Kabla ya kukanyaga anasukuma gurudumu la juu kwa kiganja, kidogo tu, kisha mguu unafuata. Ule msukumo unalivusha gurudumu la chini kwenye sehemu ambayo kanyagio haina nguvu na kuhakikisha linazunguka upande unaotakiwa. Likishashika mwendo, uzito wake wa chuma unabeba sindano kupita kwenye kitambaa kinene wakati mguu unapumzika. Ubuni huo una zaidi ya miaka mia na bado unalisha familia kwenye baraza za maduka kutoka Mombasa hadi Kigoma.

Kwenye mashine yetu tumia rimu ileile ya inchi 28. Nondo ya milimita 10 ina uzito wa kilo 0.617 kwa mita, na mzingo wa rimu ni karibu mita 2. Raundi nne za nondo ndani ya mfereji wa tairi zinakupa kilo 5. Zifunge kwa waya wa kufungia nondo, kisha choma vidoa vya kulehemu kila baada ya kiganja. Kwa mizunguko 103 gurudumu hilo linahifadhi joule 30 hivi, karibu sawa na kazi ya nusu mzunguko wa pedali, na huo ndio muda mguu unaohitaji kuvuka pale juu. Liweke kwenye shafti ya mashine, usiliweke kwenye krenki: mwendo ukiongezeka mara mbili, nishati inayohifadhiwa inaongezeka mara nne.

Lisawazishe. Liache lizunguke lenyewe hadi lisimame. Upande mzito utakuja chini. Funga kipande cha nondo upande wa juu, rudia hadi lisimame popote bila kuchagua.

Friwili inaliacha gurudumu liendelee kuzunguka mguu ukisimama. Ni nafuu kwa mguu na hatari kwa kidole cha mtoto, kwa hiyo weka breki ya rimu yenye mpini upande wa mlishaji, na bati la kufunika spoku zote. Usikabidhi mashine isiyo na bati hilo, hata kama mteja ana haraka.

Hatua ya 7: Fremu na kiti

Fremu ya engo ya milimita 40 inatosha. Miguu iwe mipana kuliko unavyodhani, maana ardhi ya uani haiko sawa na mtu anayekanyaga anayumba.

Kiti kipande na kushuka. Kipimo ni rahisi: aketi, aweke kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa, goti linyooke. Akihamishia sehemu ya mbele ya wayo, goti litapinda kidogo, na hapo ndipo linapofanya kazi bila kuumia. Kiweke kinywa cha mashine mahali ambapo mlishaji mwingine anafikia bila kupitisha mkono juu ya mnyororo. Mtu mmoja anaweza kukanyaga na kulisha, lakini kazi ya wawili wanaopokezana kila baada ya dakika ishirini inakwenda mbali zaidi, na inaruhusu mazungumzo.

Mnyororo uliopakwa mafuta unapoteza asilimia chache tu za nguvu. Mkanda uliolegea au tairi linalosugua rola unaweza kukunyang'anya robo nzima. Tumia mnyororo.

Hatua ya 8: Jaribu kama msimu, usijaribu kama maonyesho

Kwanza hakikisha mahindi yamekauka, usije ukailaumu mashine kwa kosa la unyevu. Chukua chupa kavu ya kioo, weka punje hadi theluthi, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, tikisa dakika moja, acha itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15. Yarudishe juani.

Kisha waite wale uliokaa nao hatua ya 3, wakanyage wenyewe, nusu saa kila jozi. Usikanyage wewe. Angalia kama anayekanyaga anaweza kusema sentensi nzima bila kuhema katikati. Akishindwa, mashine ni nzito, rudi kwenye meno. Pima kilo zilizopukuchuliwa. Chota punje mia kutoka katikati ya rundo, hesabu zilizopasuka, na ulinganishe na punje mia za gunia lililopigwa fimbo. Okota magunzi, uone punje zilizobaki nchani. Springi ya sahani ikikaza sana inapasua, ikilegea inaacha. Iache nati yake mahali mwenyewe atakapoifikia kwa spana ya baiskeli.

Usitetee mashine wakati wa jaribio. Mama akisema kiti kinamuumiza, andika "kiti kinaumiza."

Hatua ya 9: Bei

Mshindani wako ni mashine ya injini inayopita kijijini ikitoza kwa gunia. Uliza bei yake. Tuseme inatoza shilingi 2,000 kwa gunia na familia ina gunia 20: hiyo ni 40,000 kwa msimu. Mashine ya pedali ya 300,000 ingehitaji misimu zaidi ya saba kurudisha fedha za familia moja, na hapo ni bora kuwaambia ukweli. Familia sita zikichangia, kila moja inatoa 50,000, na msimu wa pili haujaisha fedha imerudi. Kwa hiyo amua mapema kama unabuni mashine ya nyumba moja, ambayo lazima iwe ya bei ndogo sana na pengine iwe kifaa cha kufunga kwenye baiskeli iliyopo, au ya kikundi, ambayo lazima ivumilie mikono mingi.

Njia ya kwanza imewahi kufuatwa Arusha: kampuni ya Global Cycle Solutions, iliyoanzishwa na Jodie Wu, ilitengeneza kipukuchuzi cha kufungwa nyuma ya baiskeli, wazo lililokua kutokana na mashine za baiskeli za Maya Pedal huko Guatemala. Arusha hiyohiyo kuna karakana ya Twende, ambayo mmoja wa waanzilishi wake, Bernard Kiwia, alianza kama fundi baiskeli na kubuni chaja ya simu ya pedali. Ukiweza, nenda ukawatembelee watu wanaofanya kazi hii kila siku kabla ya kununua chuma.

Hatua ya 10: Kukabidhi

Kila kinachochakaa kipatikane kwa muuza vipuri vya baiskeli wa sokoni: mnyororo, beringi, pedali, waya wa breki. Kifaa kimoja tu kisichopatikana huko, yaani kile kichwa cha chuma, kifungwe kwa bolti nne za kawaida ili kitoke bila kukata.

Mfundishe mtu mmoja, kwa vitendo, kupima mnyororo. Pingili 24 za mnyororo mpya zina urefu wa inchi 12, yaani milimita 305. Zikifika 308, ununuliwe mwingine kabla haujala meno ya friwili. Tone la mafuta kila gunia tano, vumbi la magunzi lifutwe kwanza kwa kitambaa kikavu. Springi ilegezwe msimu ukiisha, na mashine ilale mahali pakavu, miguu yake juu ya mbao. Acha namba yako ya simu imeandikwa kwa rangi kwenye fremu, upande wa mlishaji, na urudi mwenyewe mavuno yajayo na ile mizani ya ndoano.